Dawa Iliyomponya Mdogo Wako

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na watoto. Vipi mgongo wa mama, umepata nafuu au bado anatembea kwa kushika ukuta? Sisi huku tunapumua. Neno "hatujambo" nimelianza mara kadhaa, kalamu ikakataa.

Najua mmesikia juu juu kwamba mdogo wako alilazwa. Kaa chini sasa nikueleze.

Ilianza na homa za jioni. Alikuwa anarudi kutoka saluni anatetemeka, na asubuhi shuka limelowa kama limetoka kufuliwa. Zahanati wakampa dawa ya malaria, wapi. Wakampa vidonge vya taifodi, akapata nafuu, lakini alipovimaliza tu homa ikarudi palepale. Suruali zikaanza kumvuka. Unamjua, wateja hawakumpa bure jina la Redio: aliwaambia anapunguza mwili ili apate mke wa pili. Wakacheka, naye akacheka huku ameshikilia kiti cha kunyolea asianguke.

Siku alipoishiwa pumzi kwenye ngazi za nyumbani, nikampeleka hospitali kubwa. Daktari, mama mtu mzima, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akauliza kama aliwahi kuvimba magoti utotoni, na kama ana jino bovu. Nikakumbuka ulivyonisimulia kwamba ulikuwa unambeba mgongoni kwenda shule magoti yake yakivimba. Na jino lipo, gego la nyuma, amelituliza kwa karafuu weee hadi limebaki ganda. Wakamtoa damu kabla ya kumpa dawa yoyote, wakaiotesha maabara.

Majibu yalipotoka, daktari alisema ni bakteria wanaoitwa streptokoki viridansi. Jina hilo lina maana ya kijani, kwa sababu kule maabara damu wanamooteshwa inageuka rangi ya kijani. Wamo vinywani mwetu sote, mwangu na mwako, na hawana neno. Kwake walipenya kwenye ufizi ule mbovu, wakaingia kwenye damu, wakajishikiza kwenye vali ya moyo iliyoachwa na kovu na ule ugonjwa wa magoti wa utotoni. Vidonge vya zahanati vilikuwa vinawatisha tu, haviwamalizi. Mdogo wako akasema basi hao ni wapangaji wake wa siku nyingi, wamekichoka chumba cha mbele wanataka cha ndani. Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Tiba ilikuwa penisilini ya mshipa, wiki baada ya wiki, na mwanzoni ichanganywe na dawa nyingine, jentamaisini. Kuhusu hii ya pili daktari hakutuficha: inaweza kudhuru figo na masikio, kwa hiyo watapima damu, naye aseme mara moja masikio yakianza kuvuma. Mdogo wako akajibu, "Daktari, figo ninazo mbili, masikio mawili. Moyo ninao mmoja. Choma."

Homa ikashuka. Akaanza kula, akaanza hata kuwanyoa wagonjwa wenzake vitandani, nesi akamfokea kwa nywele zilizotapakaa sakafuni. Kila asubuhi daktari alimuuliza habari za masikio, na kila asubuhi alijibu kwamba ni mazima kabisa.

Wifi, alikuwa anadanganya. Yalikuwa yanavuma tangu mwanzo. Aliogopa wataikatisha dawa afe, na alikuwa ameapa kwamba binti yetu hatakua bila baba kama mlivyokua nyinyi. Aliniambia hayo mwenyewe, akidhani ananong'ona. Wadi nzima ilisikia, isipokuwa yeye.

Jentamaisini ilisimamishwa saa ileile, penisilini ikaendelea hadi mwisho. Bakteria wamekwisha, moyo unakwenda vizuri, gego limeng'olewa. Masikio hayakurudi. Amerudi saluni. Wateja wanakaa kimya, wanamwonyesha kwa vidole nywele zikatwe wapi, wanamshukuru kwa kichwa. Hakuna tena anayemwita Redio.

Lipo jambo ambalo hata yeye halijui. Daktari alinivuta kando kwenye korido, akaniambia kwamba kwa bakteria wa aina ile, penisilini peke yake, kwa muda mrefu kidogo, ingetosha. Angesema ukweli siku ya kwanza, wangeiacha ile nyingine na bado angepona. Mwenyewe anaamini alitoa masikio ili abaki na mwanawe. Hunitazama kama mtu aliyepatana bei ngumu akashinda. Sitamwambia, wifi. Na wewe, tafadhali, ukae nalo.

Mama mweleze wewe kwa kinywa chako, taratibu, akishakula. Mkija, simameni mbele yake ndipo mzungumze. Wasalimie watoto wote, na mpe mama mkono wangu.

Juzi aliniuliza kama bado ninamwita kwa jina lile la chumbani. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, ingawa nilikuwa nimeacha. Leo asubuhi alikuwa ananawa, amenipa mgongo. Nikamwita. Maji yalikuwa yanamwagika, hakugeuka. Nikamwita tena.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
mke wa mdogo wako.