Mikeka ya Kanisa la Yokote

Yokote, Akita
3 Novemba 1997

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na usingizi je? Huku theluji imeshashika vilele vya milima, na kila jiko unalopita lina figili zilizoning'inizwa juu ya moshi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na sauti yangu bado ni ile uliyosema ingefaa kuuzia samaki.

Sijasahau ulichoniambia mlangoni siku ya mazishi ya Mama. Nilikataa kufukiza ubani mbele ya jeneza kwa desturi ya hekalu, nikasimama nikaomba kwa njia yangu, shangazi wote wakiona. Ukasema nisivue tena viatu kuingia nyumba yako, na wewe hutavua vyako kwenye yangu. Miaka mitatu imepita. Sikuandikii kuomba radhi, maana Mama sikumkosea, na nililia kuliko hao shangazi wote. Nakuandikia kwa sababu nina shida ya mikeka, na katika dunia hii namjua fundi mmoja tu.

Kanisa letu ni nyumba ya zamani iliyokuwa ya mfanyabiashara wa mchele. Mchungaji huja mara moja kwa mwezi kutoka Akita mjini. Siku nyingine mimi ndiye mpiga kinanda, mpishi, mzoa theluji na mhubiri. Asubuhi nawasha jiko la mafuta ya taa, nafagia, nampelekea supu Bibi Onodera, mkongwe wa kanisa letu, kisha nazunguka kwa wagonjwa. Ukumbi wa ibada umetandikwa tatami, mikeka minene iliyobanana ukuta hadi ukuta, na tunakaa chini kwenye mito kama watu wa nyumba moja. Lakini mikeka imechakaa hadi majani yake yanang'ang'ania soksi. Siku ya shukrani ya mavuno Bibi Onodera alijikwaa kwenye pindo lililochanika, akamwangukia Mzee Kon, mtunza hazina wetu, ambaye alikuwa amebeba chungu cha supu. Hakuna aliyeungua. Ila tangu siku hiyo Mzee Kon ana wimbo mmoja: tung'oe mikeka, tupige mbao, tuweke zulia na viti.

Bibi Onodera amesema siku viti vitakapoingia yeye atatoka, kwa sababu miguu yake haifiki chini na hataki kumwomba Mungu akiwa ananing'inia. Hatanii. Na tuko watu kumi na mmoja tu, Baba. Akiondoka yeye wataondoka wenzake, na kanisa litabaki mimi na zulia.

Ungekubali kututengenezea? Ningependa ipangwe kwa mistari iliyonyooka, pembe nne zikutane, kama kwenye kumbi za mahekalu, ili pawe na heshima.

Binti yako,
Mizue


Yatsushiro, Kumamoto
20 Novemba 1997

Mizue,

Marahaba. Goti ni bovu, mengine yanakwenda. Huku wanapanda igusa ya mikeka, watu wako kwenye maji baridi tangu alfajiri.

Jibu ni hapana. Neno nililisema mbele ya ukoo mzima, na mimi si mtu wa kulamba matapishi yake. Huwezi kutandika mikeka ya mtu bila kuvua viatu mlangoni mwake. Kwa hiyo mambo yameishia hapo.

Lakini nimekasirika kwa jingine. Pembe nne zikutane? Wewe, binti wa fundi? Hivyo hupangwa kwenye mahekalu na kwenye nyumba yenye maiti. Nyumba ya watu walio hai mikeka yake hupishana, pembe nne zisikutane mahali pamoja. Umelala juu ya mikeka hiyo tangu utotoni, ulikuwa unatazama dari? Chumba chetu cha mbele nilikipanga pembe kwa pembe kwa mikono yangu siku ile ya mama yako, na kiko vilevile mpaka leo. Usimkalishe bibi wa watu msibani kila Jumapili.

Na huyo Kon mwambie zulia ni la kufutia miguu.

Ukumbi una ukubwa gani? Nauliza tu.

Ogata Tsunehiko, fundi wa mikeka


Yokote
11 Januari 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Umekula mochi, vile vitumbua vya mchele vinavyonata, kwa uangalifu? Usiseme wewe bado kijana, kila mwaka wanakabwa wanaosema hivyo.

Barua yako niliisoma mbele ya wazee wa kanisa, nikiruka yale ya matapishi. Nilipofika kwenye zulia Bibi Onodera alicheka hadi akaomba maji. Mzee Kon hakucheka, lakini jambo la mbao limeahirishwa hadi Pasaka. Ameshaleta vipande vya sampuli na kuviegemeza kwenye kinanda, kila ninapopiga vinatetemeka.

Ukumbi ni wa mikeka kumi na minane. Nimenyoosha uzi kutoka ukuta hadi ukuta kama nilivyokuona ukifanya, nimefunga fundo kila inapopasa, na uzi wenyewe umo ndani ya bahasha hii. Nami najibu tu.

Umeuliza kimoyomoyo ninachofanya huku, hata kama kalamu yako haikuandika. Jana nilikuwa kwa mama mmoja mjane ambaye mume wake alikuwa mtu wa hekalu na yeye ni wetu. Ananiuliza kila wiki kama afukize ubani au asifukize. Namwambia afanye ambalo ataweza kulisimamia mbele ya Mungu na mbele ya mume wake, bila kumwogopa shangazi yeyote. Halafu tunakunywa chai na kuondoa theluji iliyoziba mlango wake. Ndiyo kazi yangu hiyo, Baba, nusu maneno na nusu koleo. Naipenda. Sijawahi kuamka siku moja nikatamani nyingine.

Jambo moja limenikosesha raha. Mikeka ya msiba hupangwa upya msiba ukiisha, hilo hata mimi nalijua. Kwa nini chumba cha mbele bado kiko vile?

Binti yako,
Mizue


Yatsushiro
9 Februari 1998

Mizue,

Marahaba. Goti ni lilelile.

Uzi umefika. Mafundo yako ni mabaya lakini yanasomeka. Mikeka itapakiwa kwenye lori katikati ya mwezi wa tatu. Nyuma ya kila mmoja nimeandika mahali pake. Fuata namba, usitumie akili. Imepangwa kwa kupishana, kama nyumba ya watu. Majani ni ya shamba la mkulima Kiyota, yale ambayo huwa siuzi.

Siji. Mtaitandika wenyewe. Kanisa lisinishukuru, sijafanya kwa ajili ya kanisa. Nimefanya ili watu wa kaskazini wasije wakasema kwamba binti wa Ogata anakaa kwenye zulia.

Ogata Tsunehiko, fundi wa mikeka


Yokote
29 Machi 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, nisamehe nisipouliza mengi ya afya yako.

Mikeka imefika. Tulipofungua lori harufu ilitoka hadi barabarani, na muuza tofu akaacha baiskeli yake akaja kunusa. Kumi na saba imelala mahali pake vizuri kabisa. Wa mwisho, ulio karibu na mlango, umekataa. Umeinuka kama mdomo wa mtoto aliyenuna. Nimeupiga, nimeukanyaga, Mzee Kon ameukalia, haushuki.

Najua kosa ni langu. Nilinyoosha uzi upande mmoja wa ukumbi, nikadhani upande wa pili uko sawa. Uliniambia tangu nikiwa mdogo kwamba hakuna chumba duniani kilichonyooka, nami nikakipima chumba hiki kana kwamba kinasema kweli. Hapa theluji imesukuma kuta vizazi na vizazi.

Pasaka ni tarehe kumi na mbili. Mzee Kon amerudisha sampuli zake kwenye kinanda. Bibi Onodera anasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi nasema nini, sijui. Nina imani ya mambo mengi makubwa, na mkeka mmoja umenishinda.

Binti yako,
Mizue


Yokote
20 Aprili 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ulifika salama? Chakula nilichokufungia kilitosha hadi Tokyo? Goti lilivumilia viti vya treni?

Uliondoka Pasaka asubuhi kabla ya ibada, ukakimbilia treni ambayo sote tunajua haikuwa ya mwisho. Kwa hiyo hujui yaliyofuata, wala hujui kwamba wewe sasa ni hadithi ya mji mzima. Bibi Onodera anaisimulia kwenye duka la tofu, na kila siku inaongezeka chumvi. Acha nikupe kama ninavyoisikia.

Anasema ile Alhamisi kabla ya Pasaka alikuja mzee kutoka mwisho wa Japani, mfuko wa vyombo begani, bila barua wala simu. Akaketi kwenye kizingiti na viatu vyake miguuni, akaupa ukumbi mgongo, akasema, "Nileteeni huo mkeka hapa." Tukakuletea. Ukaukata kwa kisu, ukaushona magotini, ukaurudisha. Ukaguna. Tukakuletea tena. Mzee Kon alikushikia mlango wazi upate mwanga, upepo ukawa unaingia na theluji yake, na mimi huko ndani nakanyaga huku wewe unanifokea bila kugeuka, "Kisigino, Mizue! Si vidole!" Na mkeka bado umenuna.

Hapo ndipo Bibi Onodera alipokuambia, na haya niliyasikia kwa masikio yangu, "Fundi, kwa mlango huu jiko letu linaipasha moto barabara ya nje. Ingia, au utoke."

Ukavitazama viatu vyako. Mzee Kon anaapa kwamba ulivitazama muda wa kuchemsha chai. Kisha ukafungua kamba, ukavigeuza vielekee mlangoni vizuri kama ulivyonifundisha, ukapanda. Ukauweka mkeka, ukaugusa kwa kisigino mara moja tu, nao ukashuka. Bibi anasema ulisikika ukipumua, mkeka na siyo wewe. Mimi nilikuwa karibu. Mlipumua wote wawili.

Jumapili tulikuja wote kumi na mmoja, na muuza tofu na mkewe. Kabla ya kuomba Bibi Onodera aliinama akaunusa mkeka, kisha wengine wakafanya vilevile mmoja mmoja, na Mzee Kon akavua hata soksi. Sampuli zake amezipeleka nyumbani, anasema atatengenezea banda la mbwa. Nami niliposimama kuhubiri, harufu ile ikanipata, nikaona duka letu, nikamwona Mama akichambua majani. Nililia mbele ya watu wote, kisha nikahubiri vizuri kuliko siku zote. Nimefurahi, Baba. Niliseme wazi: ulipopanda kile kizingiti nilifurahi kuliko siku niliyobatizwa, na Mungu anisamehe, nadhani anaelewa.

Sasa jambo la mwisho. Jumatatu nilipofagia mlangoni nilikuta sindano yako, ile ndefu ya Babu, imechomekwa kwenye nguzo juu ya mahali pa viatu. Wewe, unayehesabu sindano kabla ya kutoka nyumba ya mtu! Nikiwa mdogo tulirudi njia nzima kwa baiskeli, gizani, kwa ajili ya sindano moja, ukaniambia fundi anayesahau sindano ndani ya nyumba ya mtu afunge duka lake. Umezeeka, au nini? Niitume kwa posta?

Na chumba cha mbele niliuliza, hukujibu. Ulipokuwa hapa niliuliza tena, ukaomba chai. Sitauliza mara ya tatu.

Binti yako,
Mizue


Yatsushiro
5 Mei 1998

Binti yangu Mizue,

Marahaba. Goti limepata nafuu, labda ni baridi yenu imeligandisha. Chakula kilitosha. Zile figili za moshi niliziona mbaya, nikazimaliza.

Sindano sijaisahau. Fundi huiacha sindano pale ambapo kazi yake haijaisha. Mikeka mipya ikikanyagwa mwaka mmoja hushuka, nafasi zinafunguka, na aliyeitengeneza ndiye anayepaswa kuja kuibana. Theluji ikiyeyuka mwakani nitakuja, na safari hiyo nitakaa hadi Jumapili ipite. Sijasema nitaomba. Nitakaa karibu na mlango niangalie mkeka ule unavyopokea uzito wa watu. Mwambie Kon avae soksi, jasho la miguu linaharibu majani. Mwambie yule bibi kwamba ulimi wake unahitaji kunolewa kidogo tu, uweze kukatia tatami.

Chumba cha mbele bado kiko vile. Wateja wakiingia wanaona. Ni mikeka minane, ningeweza kuigeuza peke yangu kabla ya chai. Kila mwaka nimeunyanyua mmoja, nikaurudisha. Mama yako ndiye aliyekuwa akishika upande wa pili, tangu tulipooana. Vijana wa dukani wamejitolea mara nyingi. Sikutaka mtu mwingine aushike, na yule niliyemtaka nilimfukuza mimi mwenyewe mbele ya ukoo.

Mwezi wa nane tutazipokea roho za wafu wetu nyumbani, kama kawaida. Sitaki mama yako arudi tena akute nyumba bado iko msibani. Njoo kabla ya hapo. Ubani nitafukiza mimi, nawe utaomba kwa njia yako. Yeye hakuwahi kulalamika kuhusu yeyote kati yetu, sisi ndio tuliolalamika. Usilete zawadi, lete mikono miwili, na ukumbuke ni kisigino.

Ukifika usisimame nje ukibisha hodi kama mgeni. Vua viatu, uingie.

Baba yako