Chembe Changa Kifuani mwa Mama

Jumatano, Haydom

Kwa hiyo si saratani ya mitoki. Naandika hivyo nione kwa macho, maana bado siamini.

Juzi madaktari walisema ndiyo. Kinyama walichotoa kwenye uvimbe wa kifuani mwa Mama kilijaa chembe za kinga ambazo hazijakomaa, wakatuambia tujiandae kwa dawa kali za dripu.

Leo daktari, binti mdogo kuliko mimi, alimpa Mama shikamoo kwanza. Kisha akasema kipimo kimerudiwa. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ambamo chembe za kinga hukulia. Uvimbe umeota kwenye tezi yenyewe, na zile chembe changa zimekutwa nyumbani kwao.

"Kwa hiyo watoto hawana kosa," Mama alisema. "Nyumba ndiyo mbovu."

"Ndiyo, mama. Inabidi itolewe."

"Na macho yangu?" Kope zake zimekuwa zikianguka tangu mavuno.

"Tezi hiyo ikiugua huweza kulegeza kope. Ikitolewa, huenda yakafunguka."

Huenda! Neno hilo limenikera mchana kutwa. Kifua kipasuliwe kwa ajili ya huenda?

Kaka alipiga simu kutoka Balangdalalu, akataka tumrudishe Mama nyumbani huko kwanza, wazee wakae waamue. Mama alininyang'anya simu.

"Nimeshakubali kupasuliwa. Wewe chunga ng'ombe."

Akakata.

Mimi hakuniuliza. Angeniuliza ningesema tusubiri, na yeye alilijua hilo.