Maji ya Bahari Hayanyweki

Shikamoo Mama,

Leo shule ilitupeleka baharini kwa basi. Tangu meli iliponishusha Uingereza, kiti kilicho kando yangu hubaki wazi, na leo tulipokwenda pia. Tulipofika ufukweni niliinama, nikachota maji kwa kiganja nikanywa, kama tufanyavyo ziwani. Nilisoma kwamba bahari ina chumvi, lakini mkono ulisahau. Wasichana wakacheka.

"Kwenu Mwanza hakuna chumvi?" mmoja akauliza.

Meri, ambaye hakuwahi kunisemesha, akachota akanywa, akakunja uso. "Mabaya kweli," akaniambia.

Uniwie radhi, mwandiko umepinda. Tunarudi, na Meri amesinzia begani kwangu. Sitaki kumwamsha.

Ukienda ziwani, kunywa kiganja kimoja kwa ajili yangu.

Binti yako,
Kabula