Mkamwana Wangu Anakuja na Maji Yake

Mshauri Ruguru, pokea salamu kutoka Kanyakine. Sijawahi kuandikia gazeti tangu nizaliwe, na hata sasa naandika kwa sababu kwa mchungaji siwezi kwenda na jambo hili, maana mke wake yumo ndani ya habari yenyewe. Majina tafadhali ubadilishe.

Mimi ni mjane. Mume wangu Kaburu aliniachia shamba dogo la kahawa na ndizi, mtoto mmoja, Mutuma, na kisima. Kisima hicho alikichimba mwenyewe na rafiki yake Muthamia tukiwa tumeoana juzi tu, mmoja chini na sururu na mwingine juu akivuta udongo kwa ndoo, mimi nikiwapikia, na siku maji yalipotokea Kaburu alipanda akiwa matope mpaka kwenye nyusi akanipa kikombe cha kwanza, yalikuwa bado mekundu lakini niliyanywa yote. Tangu hapo sijawahi kwenda kuomba maji kwa mtu. Kiangazi kikiwa kikali wanawake wa kanisa letu huchota kwangu na sijamfukuza hata mmoja.

Sasa Mutuma alioa msichana wa Embu mjini anaitwa Maxine, anafanya kazi ofisi ya bima, ana adabu, siwezi kumsingizia. Walipopata mtoto wa kike walimpa jina langu, Kinya, kama desturi yetu, na nikaona Mungu amenikumbuka. Walikuwa wanakuja kila mwisho wa mwezi. Halafu Pasaka mtoto alirudi Embu akiharisha, akalazwa, akatundikiwa maji, daktari akasema ni maji machafu au chakula, na tangu siku hiyo Maxine akija kwangu anakuja na maji yake, mtungi mzima wa dukani kwa buti ya gari, mtoto anakunywa hayo, ananawa hayo, hata uji wake unapikwa na hayo, na mimi niko na kisima hatua chache kutoka mlangoni.

Nilivumilia. Lakini mwezi wa nane wamama wa kanisa walikuja kumwona mtoto, nimepika mukimo wa viazi na mahindi, tumekaa vizuri, na Kinya mdogo akachukua kikombe akachota kwa mtungi wangu. Maxine aliruka akamnyang'anya, akamwaga yale maji nje, mbele ya watu wote. Mukiri, mke wa mchungaji, alikuwa amekaa hapo na kikombe cha maji hayo hayo mkononi. Alikitazama, akakiweka chini polepole. Mshauri, niliona giza.

"Maxine," nikamwambia, "maji haya ndiyo yamemlea mume wako."

"Najua, Mama. Lakini Kinya karibu atuache."

"Kwa hivyo mimi naua watoto?"

"Sijasema hivyo, Mama. Nasema yapimwe tu."

"Yapimwe na nani? Kaburu alichimba hapa kabla wewe hujazaliwa!"

Nikamgeukia Mutuma aseme kitu, naye anatazama simu. Basi nikamwambia Maxine kama maji ya hapa hayamfai, hata mukimo anaokula umepikwa nayo, aache. Akaweka sahani chini, akambeba mtoto, wakaenda. Hawajarudi mpaka leo. Mutuma hupiga simu na kusema nikubali kisima kikaguliwe na mtu wa afya, la sivyo hawaleti mtoto.

Si kwamba naogopa kupimwa. Maji yangu ni safi, unaona mpaka chini, hayana harufu. Mvua ikinyesha sana ndipo hubadilika rangi kidogo kama chai ya rangi, halafu yanatulia. Saruji ya juu imepasuka upande mmoja lakini ni ufa mdogo, kidole tu ndicho kinaingia, na mfuniko wa mbao huwa naurudisha nikikumbuka. Hata jirani yangu Gitari wa upande wa juu, aliyejenga choo na zizi la ng'ombe mwaka jana karibu na ua wangu, anachota hapa na sijasikia akilalamika. Mimi tumbo hunisumbua, ndiyo, lakini hiyo ni vidonda vya tumbo, nimezoea. Ninachoogopa ni waje waseme kisima kifungwe. Nitabaki na nini cha Kaburu? Niambie nitafanya nini ili Maxine arudi aniombe msamaha mbele ya wale wamama.

Mama Mutuma, Kanyakine

RUGURU ANAJIBU

Mama Mutuma, pole. Pole kwa Kaburu, na pole kwa aibu ya siku ile. Mkamwana kumnyang'anya mtoto kikombe mbele ya wageni wako ni jambo la kuuma, na Maxine angeweza kumwita mtoto pembeni. Hapo niko upande wako. Kwingine kote siko.

Umeniomba nimlete Maxine kwa magoti, na katika barua hiyo hiyo umenieleza mwenyewe kwa nini mtoto aliugua. Maji ya kisima yakigeuka rangi mvua ikinyesha, ujue maji ya juu ya ardhi yanaingia ndani pamoja na kila kitu yalichopita juu yake. Kidole kikiingia kwa ufa, uchafu unaingia bila kusukumwa. Choo na zizi viko juu yako, kisima kiko chini, na kinyesi hakihitaji kufundishwa kushuka mlima. Kuona mpaka chini hakukusaidii, kwa sababu vijidudu vinavyomfanya mtoto aharishe havionekani kwa macho. Na hivyo vidonda vya tumbo, nani alivipima?

Sikungoja gazeti lichapwe. Nambari yako uliiandika chini ya barua, nikakupigia. Ulinikasirikia, wasomaji wajue. "Hata wewe?" ukaniuliza. Nikakuomba kitu kimoja tu, utoke na simu usimame kisimani uniambie unaona nini. Ukaenda ukinung'unika. Ukasema kamba imelala kwa matope. Ukasema kuku wako juu ya saruji. Ukasema maji yaliyomwagika asubuhi yamekaa kidimbwi pale kwenye ufa. Halafu nikasikia ukisogea karibu.

"Ruguru," ukasema, "yanarudi ndani."

Siku hiyo ulimpigia Mutuma ukamwambia alete mtu. Afisa wa afya, Bwana Njiru, alikuja akazunguka kisima, akapiga hatua mpaka kwa choo cha Gitari, akachukua maji kwa chupa yake. Juzi ulinisomea majibu kwenye simu, sauti chini. Maji yana vijidudu vya kinyesi. Lakini hakusema kisima kifungwe. Alisema kitengenezwe. Hofu yako kubwa imeisha, sasa kazi ianze.

Kuanzia leo, maji ya kunywa yachemke mpaka yabubujike vizuri, ndipo uyaweke kwa chombo chenye mfuniko na bomba la kufungulia, si mtungi wa kila mtu kutumbukiza kikombe. Ya kuosha mboga na ya kupiga mswaki vilevile. Wale wamama wanaochota kwako wanapaswa kujua kabla hawajachota tena, na wasisikie kwa mwingine. Anza na Mukiri. Usimpelekee maelezo marefu, mwambie yalipimwa, si mazuri, achemshe. Najua itakuuma. Heri ikuume wewe kuliko mtoto wa mtu kulazwa.

Kwa Gitari usiende peke yako wala usiende na hasira. Nenda na Njiru, yeye aeleze. Amekwambia choo na zizi vikae mbali, mita thelathini au zaidi, na visiwe upande wa juu. Visipohamishwa, utatia dawa ya kuua vijidudu leo na kesho uchafu urudi, utakuwa unajidanganya.

Saruji iliyopasuka usiipake juu juu. Fundi aivunje, amwage mpya, ainue mdomo wa kisima kutoka ardhini, na sakafu iinamie nje na mfereji wa kupeleka maji kwa ndizi. Mfuniko uwe wa chuma, wenye kufuli. Mkiweza, wekeni pampu ya mkono. Kama bado, iwe ndoo moja ya kisima, itundikwe, isiguse chini. Na tafadhali, usiruhusu kijana yeyote kushuka kukisafisha kwa ushujaa. Ndani ya kisima hewa huweza kuwa mbaya, mtu akazimia kabla hajaita. Tafuta fundi wa visima mwenye vifaa vyake.

Hayo yote yakiisha ndipo dawa itiwe, naye Njiru apime kina kwanza ajue kiasi. Maji yaliyotiwa dawa usiyatumie mpaka akwambie, na mpaka yapimwe tena. Baada ya hapo ni kupima kila mwaka, na wakati wowote rangi ikibadilika. Kwenye simu uliniambia unaogopa kuharibu kazi ya Kaburu. Mtu aliyeingia ardhini na sururu ili unywe maji angeuona ule ufa siku ya kwanza, na jioni angekuwa ameuziba.

Mutuma naye nina neno naye. Mke wako na mama yako walikuwa wanagombana juu ya uhai wa mtoto wako, na wewe ulikuwa unatazama simu. Fundi utamtafuta wewe, na siku ya kazi utakuwepo, si kutuma salamu.

Sasa Maxine. Mama Mutuma, hakuna msamaha utakaoombwa mbele ya wamama, kwa hivyo toa hilo kichwani. Mpigie wewe mwenyewe, usimpitie Mutuma. Mwambie maji yalipimwa, alikuwa amesema kweli, na wewe ulimfukuza mezani kwa kusema kweli. Usiongeze "lakini". Akinyamaza, ngoja. Akilia, mwache alie. Yule msichana alikaa hospitalini na mtoto mwenye jina lako akiwa ametundikiwa maji, na katika barua yako yote sikuona mahali ulipomuuliza alilala vipi siku zile. Muulize hilo, kisha umsikilize mpaka amalize.

Ruguru