Magadi ya Sabuni

Mama Faustini, mwenzangu,

Shikamoo. Najua marehemu hasalimiwi, lakini ulikuwa mkubwa wangu na siwezi kukupita kimya.

Nimekukasirikia. Naanza na hilo ili lisinikabe.

Juzi tulikuwa tunamaliza msiba wako. Ukoo wote ulipanda hapa Endasak, wengine wametoka Getanuwas kwa pikipiki. Mkweo Neema ndiye aliyepika makande. Maharage yalikuwa ya zamani, magumu, akauliza magadi yapo wapi. Jirani akamwambia, kopo la juu, stoo.

Kumbe kopo lile ni la kostiki soda, ile sumu inayounguza. Sisi wa kikundi cha kutengeneza sabuni tumezoea kuiita magadi ya sabuni. Wewe peke yako ulikataa. Ulisema, "Huyu ni mkwe. Mkwe hashikwi, hasogelewi." Tukakucheka, tukaendelea na magadi yetu. Na mkweo wa kweli ulimkataza kuingia stoo tu, hukumwambia kwa nini. Kwa nini, Mama Faustini?

Nilikuwa nachambua mchele nikasikia sufuria ya alumini inanguruma, na kuni ndiyo kwanza zinashika moto. Povu jeusi linapanda, harufu inakaba koo. Nikakumbuka siku uliyotumbukiza kijiko cha alumini kwenye soda, kikachemka mbele yetu kama kinaumwa. Nilimvuta Neema kwa kanga yake, nikaipindua sufuria kwa gogo la kuni. Matone yalinipata mguuni. Niliumwagia maji mpaka ndoo zikaisha, sasa unapona.

Tungepikia kwenye chungu, kingekaa kimya. Tungepakua. Na unajua kwetu watoto hutangulia kula. Nikifika hapo siendelei.

Sasa shemeji yako anasema Neema alitaka kuumaliza ukoo. Anataka arudishwe kwao, mtoto abaki. Mtoto ambaye bado ananyonya! Faustini wako ameinamisha kichwa, hasemi ndiyo wala hapana. Kulea tumelea, mwenzangu, lakini ulimi hatukumpa.

Neema hali chochote. Ananiuliza mimi, "Mama, kwani magadi ni mangapi?" Nimjibu nini? Kikundi hakijachanganya sabuni tangu uondoke, na nimewaambia hatutachanganya mpaka kila mmoja ajue kile kitu kwa jina lake, hata mtoto wa kutumwa dukani.

Kesho asubuhi wazee wanakaa. Mwanamke haitwi kusema kwenye kikao kile. Nitasema. Nitawaambia jina lile ni letu sisi wa kikundi, Neema alilikuta tu. Wakinifukuza nitasemea mlangoni.

Pumzika, dada yangu. Hasira zitaisha, nipe muda kidogo. Nakuahidi hivi: wakimtoa Neema kwenye nyumba yako, atatoka mimi nimemshika mkono, na mjukuu wako atakuwa mgongoni kwangu.

Mama Debora