Yaliyowekwa Kwenye Fungu la Pongezi

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko kwenye baridi? Kile kikohozi kimekwisha? Na shemeji, bado anaamka alfajiri kuwahi zamu? Sisi huku tu wazima. Mvua zimeanza, na mlango wa jikoni umevimba tena, haufungi mpaka uupige teke.

Mama mkubwa anaendelea vizuri. Juzi alitoka kitandani hadi dirishani kwa fremu yake ya kutembelea, akapumzika, akarudi, huku akimgombeza muuguzi anayekuja nyumbani kwamba anamshika kama yai. Nyonga bado inamuuma asubuhi.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Kuna jambo nimekuficha tangu Juni.

Siku ile ulipolia kwenye simu, ukasema kama ungekuwepo ungemshika mkono mama yako asianguke, nilikujibu kwamba ni bahati mbaya tu, kuteleza bafuni kunamkuta yeyote. Nikakuacha uendelee kujilaumu. Haikuwa bahati mbaya. Bomba la bafu la wodi ya wanawake lilikuwa linavuja, na mimi nilikuwa na maandishi ya wagonjwa yaliyosema hivyo tangu Machi.

Unakumbuka nilivyojigamba kuhusu ile programu ya kompyuta ya ofisini? Dodoso la hospitali yetu lina swali la mwisho: "Una lolote la kutuambia?" Hapo mgonjwa hujaza anavyotaka. Zamani nilikuwa nasoma jibu moja moja, mwezi mzima. Programu iliyapitia majibu elfu mbili kwa alasiri moja, ikayagawa mafungu: Foleni, Dawa, Chakula, Usafi, Pongezi. Ulinicheka, ukasema sasa nitakuwa nalala kazini.

Ulikuwa karibu na ukweli. Nilitakiwa nisome kwa macho yangu majibu hamsini ya kila fungu, nihakikishe yamewekwa mahali pake. Nilisoma ya Foleni tu, nikaona yamenyooka, nikatia saini kwamba nimekagua yote. Ilikuwa Ijumaa, na nilitaka mkuu wangu aone nilivyo mwepesi.

Mama mkubwa alipovunjika, siku mbili tu baada ya operesheni yake ya nyongo, mama anayefanya usafi wodini alinisimamisha kwenye korido. "Bomba hilo linavuja tangu mwaka jana," akaniambia. "Wagonjwa wameandika mpaka wamechoka."

Nilirudi ofisini, nikatafuta neno "bafu". Majibu thelathini na moja. Ishirini na sita yalikuwa kwenye Pongezi! Moja nimelishika neno kwa neno: "Asanteni sana kwa huduma nzuri, Mungu awazidishie, ila bafuni panateleza, juzi nusura nivunjike." Watu wetu hawalalamiki kabla ya kushukuru. Programu iliona asante na baraka, ikatosheka. Mtu mwenye macho angeiona ile "ila".

Nilikaa nalo wiki tatu. Kisha nikaenda kwa mkuu.

"Kwani nani amekuuliza?" akasema. "Andika kwamba programu ilikosea, yaishe."

"Programu haikutia saini," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyetia."

Ripoti niliyoitia saini ikarudishwa. Nikasoma upya majibu yote, siku kumi na moja. Bomba limebadilishwa na sakafu imewekwa vigae visivyoteleza. Nami nimepewa barua ya onyo, na ninastahili.

Kumwambia mkuu kulikuwa rahisi. Kumwambia Mama mkubwa kulinichukua hadi Alhamisi iliyopita. Alikuwa ameketi kitandani anakunja nguo. Nilipomaliza kueleza, aliikunja fulana ile ile mara tatu. Kisha akauliza, "Mwanangu anajua?"

"Hajui, mama."

"Kila akipiga simu anajilaumu. Namwambia si kosa lake, haniamini. Mwandikie. Mguu wangu niachie mwenyewe."

Hajasema amenisamehe, nami sijathubutu kumwuliza. Lakini jana aliniita nimkate kucha, nikakaa chini miguuni pake, tukazungumza habari za mvua.

Dada, usikimbilie kuniandikia kwamba hakuna neno. Kama umekasirika, kasirika. Ila usijilaumu tena, hata siku moja. Si umbali wako uliomwangusha mama yako. Mimi nilikuwa hatua mia mbili kutoka bafu lile, na majibu ya wagonjwa yakiwa mezani kwangu.

Msalimie sana shemeji, na mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Mama mkubwa anakusalimu, na mjomba fundi saa pia. Mungu akutunze huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,

Mwanya