Mkwe wa Nandagala na Salfa ya Jirani

Alhamisi, 12 Juni 2025

Mimi Abdala bahati inanifuata mpaka chooni. Nani mwingine kauza duka lake Buguruni, friji tatu ndani, bei nzuri, kwa hiari yake, akaja kupumzika ukweni Nandagala? Mke wangu Zulekha alinibembeleza turudi kwao. Huku mwanaume ndiye anahamia kwa mke. Sawa tu. Nimekaa Dar, Mtwara na Beira, nitashindwa huku Ruangwa?

Baba mkwe, mzee Mustafa, kanipa mikorosho ya upande wa barabarani niihudumie. Nikiiweza, atanionyesha pa kujenga. Nikishindwa — hakumalizia. Kamalizia mama mkwe. Haongei na mimi moja kwa moja, ndiyo heshima yenyewe. Tumekaa uani sote, anamwambia Zulekha, "Mwambie mumeo, yule wa dada yako tulimsindikiza mpaka stendi."

Jumatano, 18 Juni 2025

Leo nimepulizia salfa, ule unga wa dawa ya mikorosho. Wenzangu wanaamka alfajiri, kwenye umande na baridi. Nikasema hawa hawajatembea. Nikanywa chai, nikabeba bomba la kupulizia saa nne. Upepo huo! Unga wote ukaondoka kama una safari zake, ukavuka barabara mpaka kwa jirani yetu Apolinari. Nikabaki mimi, njano, macho yanawaka.

Apolinari kaja kushukuru. "Shemeji, mikorosho yangu imeoga vizuri. Kesho usisahau ule upande wa nyuma." Mama mkwe akakimbilia jikoni. Nikasikia sufuria inaanguka, halafu kicheko.

Zulekha hakucheka. Alinisafisha macho kwa maji. Akasema yeye alimwona dada yake akirudi kutoka stendi peke yake, na hataki kuijua hiyo njia.



Ijumaa, 20 Juni 2025

Mzee kaniamsha kabla ya adhana. Kiswahili chake kidogo, Kimwera changu kidogo zaidi — mimi ni wa Nachingwea mjini — kwa hiyo nikanyamaza, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Akaushika mkono wangu, akaugusisha kwenye jani. Limelowa. Akanionyesha bomba.

Unga ukapanda polepole, ukakaa juu ya majani. Haukwenda kwa mtu. Nikajisikia... sijui. Dukani sijawahi kujisikia hivyo.

Jumapili, 22 Juni 2025

Nimemaliza upande wote wa barabarani. Apolinari kapita akilalamika kwamba safari hii kanyimwa.

Mzee akakaa nami kwenye gunia tupu. Akasema, taratibu, kwamba yeye naye alikuja hapa kama mkwe, kutoka Chiola. Aliwaambia wakwe ana mbuzi wengi huko, wanachungwa na kaka yake. Basi kila siku anaulizwa, mbuzi hawajambo? Ikabidi awaue kwa ugonjwa wa kubuni, mmojammoja mpaka wakaisha. Nilicheka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Na wewe mkwe, duka ulimuuzia nani?"

Nikasema ngoja nikaoge. Nimeoga. Naandika hapa chumbani, namsikia mzee anakohoa uani. Zulekha kaweka kigoda cha pili karibu yake, kaniita mara moja, hajarudia.

Duka halikuwa langu. Niliajiriwa kuuza, wakanifukuza kwa domo. Na aliyebembeleza kuja huku ni mimi.